Mkeka Mmoja, Viwango Tofauti: Mwongozo Kamili wa Kufanya Mazoezi ya Aikido Pamoja

Aikido, sanaa ya mapigano ya Kijapani, haifanywi peke yako. Ukikosa mtu wa kukushika mkono, huna zoezi. Na katika kumbi nyingi, huyo anayekushika mkono jioni ya leo anaweza kuwa na mkanda mweusi wa miaka mingi, au akawa amevua viatu mlangoni kwa mara ya kwanza. Hata makao makuu ya shirika la aikido la Aikikai kule Shinjuku, Tokyo, ambako wanaoanza wana madarasa yao, darasa la kawaida huchanganya watu wa ngazi zote kwenye tatami (mkeka wa mazoezi) moja. Huku kwetu Afrika Mashariki kumbi za aikido ni chache, kwa hiyo mara nyingi hakuna namna nyingine: kipindi ni kimoja, mkeka ni mmoja, na wote waliokuja wanapaswa kurudi nyumbani wamejifunza kitu, viungo vikiwa vizima.

Mimi siuoni mchanganyiko huu kama shida ya kuvumilia. Mwasisi wa aikido, Morihei Ueshiba (1883–1969), hakutaka mashindano, na shule nyingi zimebaki hivyo mpaka leo. Ile ya mwanafunzi wake Kenji Tomiki ndiyo iliyoingiza mashindano. Mahali pasipo na mshindi, mazoezi huwa ya kupokezana: kwa kawaida unatupa mara nne, kisha unatupwa mara nne. Maana yake nusu ya muda wako mkekani unautumia kumpa mwenzako mwili wako ajifunzie. Ndiyo maana watu wa ngazi tofauti wanaweza kufaana kweli kweli, ila kwa sharti moja ambalo karibu kila kitu katika mwongozo huu kinatokana nalo: kasi ya mbinu huamuliwa na anayeanguka. Kama anayetupa ana ujuzi wa miaka 20 na anayeanguka ana wiki mbili, mbinu itakwenda kwa mwendo wa wiki mbili.

Kuhusu majina: anayefanya mbinu nitamwita nage, kama wanavyosema Wajapani. Mwenzake, anayeshambulia kisha akaanguka, nitamwita mshambuliaji.

Kabla hamjapiga magoti

Anayeongoza kipindi afike mapema aupitie mkeka kwa miguu mitupu. Ile mikeka ya sponji inayofungana kwa meno huachana taratibu kipindi kikiendelea, na ufa wa upana wa kidole unatosha kuvunja kidole cha mguu. Ibane upya. Angalia nguzo, kona za kuta na viti, kisha uamue upande ambao watu watatupwa: kutoka katikati kwenda nje, wasikutane migongo. Mkiwa wengi kuliko nafasi, afadhali nusu wafanye na nusu wakae pembeni wakitazama kuliko wote kubanana.

Kila mtu akate kucha, avue pete, hereni, saa na mkufu. Dada anayevaa hijabu avae ile ya michezo isiyo na pini. Pini ikichomoka wakati wa kujiviringisha inaweza kumuingia yeye au mwenzake. Wakati wa Ramadhani, waliofunga wafanye mazoezi ya msingi na kuanguka kwa upole, na pasiwe na mtu wa kuwahimiza waongeze kasi.

Halafu kuna maswali matatu ya kumuuliza kila mgeni, na wakongwe pia mara kwa mara, pembeni na kwa sauti ya chini: Umewahi kujifunza kuanguka? Kuna kiungo kinachokuuma au kilichowahi kuteguka? Kuna jambo lolote la kiafya ambalo mwenzako angefaa kulijua? Bega lililowahi kuchomoka, shinikizo la damu, ujauzito, upasuaji wa karibuni, yote haya hubadilisha kitakachofanyika. Usiyaulize mbele ya watu. Wengi watajibu "niko sawa" kwa kuona haya.

Kisha mnapiga magoti, mnainamia kamiza (upande wa heshima wa ukumbi), mnainamiana na kusema *onegaishimasu*, yaani "naomba". Ambaye magoti yake hayakunji akae anavyoweza au asimame. Heshima haipungui.

Chagua shambulio moja tu

Hili ndilo kosa ninaloliona kila mara kwenye vipindi vya mchanganyiko: mwalimu anataka kumridhisha kila mtu, basi anaonyesha mbinu tano kutoka kwenye mashambulio matano. Mgeni anatoka hakumbuki hata moja, mkongwe anatoka hakuichimba hata moja.

Chagua shambulio moja litakalobeba kipindi kizima. Pendekezo langu ni katatedori ya gyaku hanmi: mshambuliaji anashika kifundo cha mkono wa kulia wa nage kwa mkono wake wa kushoto, na miguu yao ya mbele inatazamana kama mtu na kioo, kulia kwa kushoto. Mgeni analielewa papo hapo kwa sababu kila mtu ameshawahi kushikwa mkono. Na kutoka mshiko huohuo unapata zoezi la tai no henko na mbinu za shihonage, iriminage, kotegaeshi, ikkyo na kokyunage. Mkongwe hawezi kulimaliza.

Kwa kipindi cha dakika 90, mgawanyo huu unafaa: dakika 20 za kupasha mwili na kuanguka, 10 za tai no henko, 35 za mbinu mbili (si zaidi), 15 za zoezi la mstari, na 10 za kokyuho ya kukaa (zoezi la wawili waliokaa magotini) na kufunga.

Kuanguka: ngazi ambayo kila mtu anasimama mahali pake

Mazoezi ya kuanguka wote huyafanya kwa wakati mmoja, ila kila mtu kwenye ngazi yake. Wapange hivi.

Wa kwanza kabisa aanzie chini, amekaa. Akunje mguu mmoja, abane kidevu kifuani, ajiviringishe nyuma mpaka mgongo wa juu uguse mkeka, arudi. Kisogo kisiguse. Mwambie atazame fundo la mkanda wake. Macho yakiwa kwenye mkanda, kidevu hujibana chenyewe. Akiweza, aanze akiwa amechuchumaa. Akiweza tena, aanze akiwa amesimama, akishuka kwa kukunja goti la nyuma, si kwa kujitupa kama aliyevutiwa kiti.

Kwenda mbele aanzie goti moja chini: mkono unatengeneza upinde, mwili unapita juu ya bega kwa mshazari hadi kwenye nyonga ya upande wa pili. Asipite juu ya uti wa mgongo moja kwa moja, wala juu ya kichwa. Wapo watakaohitaji majuma kadhaa kabla ya kufanya hivyo wakiwa wamesimama, na hakuna haraka.

Wakongwe, kwa muda uleule, wapewe kazi ngumu zaidi kuliko kujiviringisha kwa kasi: wajiviringishe polepole kadiri wawezavyo bila sauti. Kasi huficha kasoro. Bega linalogonga, nyonga inayodunda, mguu unaotua kwa kishindo, vyote husikika mtu anapokwenda taratibu. Nimewaona watu wenye hakama, ile suruali pana ya wakongwe, wakitoka jasho kwa zoezi hili kuliko kwa kutupwa mara 50.

Mwisho wa sehemu hii mwalimu atakuwa ameona, bila kuuliza tena, nani anaweza kutupwa na nani bado. Asiyeweza kujiviringisha hatupwi. Mbinu yake inaishia pale anapopoteza mizani. Hapo nage anasimama, na mshambuliaji anakaa chini mwenyewe.

Tai no henko: dakika kumi za kupima mikono

Huko Iwama, mkoa wa Ibaraki, Ueshiba alikohamia mwaka 1942, mwanafunzi wake Morihiro Saito alikuwa na desturi ya kuanza kipindi na tai no henko, na naona ni desturi ya kuigwa. Kila mtu anaweza kulifanya na halimwangushi mtu.

Mshambuliaji anashika. Nage anakunja kifundo chake kidogo, ncha za vidole zikielekea tumboni mwake, na anatelezesha mguu wa mbele hadi nje kidogo ya mguu wa mbele wa mwenzake. Anageuka juu ya mguu huo, mguu wa nyuma ukizunguka mpaka wote wawili wanatazama upande mmoja, bega kwa bega. Mikono imenyooka mbele, viganja juu, nyonga chini. Mkono ulioshikwa haukusogezwa hata kidogo; mwili ndio uliohama.

Mgeni atajaribu kuuvuta ule mkono. Kila mgeni hufanya hivyo. Mkongwe aliyemshika asimkazie ili kumwonyesha kuwa hawezi. Amguse tu nyonga kwa mkono ulio huru na kusema "anzia hapa". Maneno mawili yanatosha.

Shihonage, hatua kwa hatua

Nimeichagua hii kwa sababu inafundisha mengi na kwa sababu ndiyo mbinu ambayo, ikifanywa vibaya kwenye mkeka wa mchanganyiko, huumiza zaidi. Namna yake ya omote (ya kupita mbele ya mwenzako), nage akiwa ameshikwa mkono wa kulia:

1. Ondoka kwenye mstari. Mguu wa kulia unasogea nusu hatua pembeni na mbele, mkono ulioshikwa ukinyoosha mkono wa mshambuliaji mbele ya mwili wake, usawa wa tumbo. Hapa ndipo mizani yake inapoanza kuondoka. Kama bado amesimama imara, usiendelee, rudia.

2. Shika kifundo chake kwa mikono yote miwili, vidole vidogo vikibana na vidole vya shahada vikilegea, kama unavyoshika bokken, upanga wa mti. Usikikamue.

3. Ingia na mguu wa kushoto, hatua ndefu mbele ya mwili wake, huku mikono ikipanda mbele ya paji la uso wako. Usiiname kupita chini ya mkono wake. Ukijikunja umepoteza mgongo wako na umempa nafasi ya kukuvuta chini. Akiwa mfupi kuliko wewe, kunja magoti, mgongo ubaki wima.

4. Geuka papo hapo kwa nyonga mpaka utazame ulikotoka. Mikono bado iko mbele ya paji lako. Mkono wake sasa umekunjika, kiganja chake kikiwa karibu na bega lake mwenyewe.

5. Kata chini, mbele yako, kama upanga, kiganja chake kikipita nyuma ya bega lake na kukaa karibu na mwili.

Simama kwenye hatua ya nne na uangalie kwa karibu. Ule mkono uliokunjika una njia mbili. Ukibaki umeshikamana na bega la mwenyewe, mwili mzima unashuka kinyumenyume na mtu anakaa au anajiviringisha salama. Ukiuvuta nje, hata kwa upana wa kiganja, kiwiko na bega vinapindwa upande visikoweza kwenda, na mshambuliaji hana pa kukimbilia. Na ukimwangusha kwa nguvu huku umeng'ang'ania kiganja chake, hawezi kujiviringisha: kinachofika kwanza ni kisogo. Watu wameumia kichwa vibaya sana kwa shihonage ya namna hii, na waathirika wa kwanza ni wageni ambao shingo zao bado hazijazoea kubana kidevu.

Sasa mbinu hiyohiyo kwa ngazi tatu, kwenye mkeka mmoja.

Mwenzako akiwa mgeni, ishia hatua ya nne. Kiganja kiguse bega, subiri, mwache akae chini mwenyewe huku ukishuka naye kwa goti moja. Yeye anajifunza njia ya kuanguka. Wewe unapata nafasi ya kukagua kila hatua bila kufichwa na kasi.

Mwenzako akiwa wa kati, anayejua kuanguka nyuma lakini bado anakaza mwili, fanya kihon: ashike kwa nguvu akiwa amesimama tuli, nawe uanze kutoka tuli. Malizia mpaka chini, ukimshusha kwa mkono.

Mkiwa wakongwe wote wawili, nendeni ki no nagare: nage anaanza kusogea kabla vidole havijafunga, na mshiko unafikia mkono ambao tayari unaondoka. Hapa kasi inaruhusiwa. Lakini wawili hawa wasipokwenda pembeni mwa mkeka, watawagonga wale walio chini. Wapangie eneo lao.

Mbinu ya pili ya kipindi iwe nyepesi kwa viungo. Kokyunage inafaa sana: haina kufuli, na mgeni anaweza kuifanya mpaka mwisho.

Nani ashike nani

Dakika za kwanza, usiwaache wageni wawili wawe jozi. Si kwamba wataumizana lazima; ila watafundishana makosa kwa bidii. Mpe kila mgeni mkongwe mmoja, na mbinu ikibadilika, wabadilishe wote. Mkongwe asiwe na wageni kipindi kizima. Walau mbinu moja aifanye na mtu wa ngazi yake, la sivyo baada ya miezi ataacha kuja, na hatasema kwa nini. Mkiwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, tengenezeni kundi la watatu, mmoja akisubiri zamu yake akiwa macho.

Kinachoamua kama mchanganyiko utafaulu ni namna mkongwe anavyoshambulia. Hapa nitakaa kidogo.

Wapo wakongwe wanaomkazia mgeni. Wanajua mbinu inayokuja, kwa hiyo wanajaza nguvu mahali palepale itakapopita. Hilo si jaribio la haki, kwa sababu mtu anayeshambulia kweli hajui atajibiwa nini. Wapo pia wanaoanguka kabla hawajaguswa, wakidhani ni ukarimu. Mgeni anatoka akiamini ameweza, na siku akikutana na mkono wa mtu asiyejua aikido, hausogei. Yote mawili yananikera, lakini la pili linanikera zaidi, maana linampotosha mtu aliyekuja kwa imani.

Kipimo changu cha mshiko kwa mgeni: shika kiasi kwamba ngozi yako haitelezi juu ya ngozi yake. Basi. Kiganja kizima kimegusa, hakuna uwazi katikati, lakini bega lako limelegea. Mshiko huo unamwambia ukweli kuhusu anachofanya. Akisogea vizuri, utajikuta unaondoka. Akivuta kwa msuli, hutaondoka. Anapokwama, usiongeze wala usipunguze. Subiri pumzi moja. Mara nyingi atagundua mwenyewe kwamba mguu umebaki nyuma. Asipogundua, gusa kiungo kimoja kinachokosea na useme neno moja. Mtu anayeongea dakika tatu huku mwenzake ameshika mkono amemnyima mazoezi manne.

Mgeni naye ana wajibu. Ashike mpaka mwisho. Akiachia katikati, mbinu yote inakosa maana. Asijaribu kukisia mbinu na kuizuia. Na aseme "taratibu" bila aibu. Katika ukumbi ulio salama neno hilo husikika mara nyingi na hakuna anayegeuka kuangalia nani kalisema.

Mkongwe anapata nini kwa mgeni? Anapata mkono usiojua cha kufanya. Washambuliaji waliozoeana huanguka kwa mazoea, na unaweza kuishi miaka mingi ukidhani shihonage yako inafanya kazi kumbe wenzako wanakubeba. Mgeni hakubebi. Anasimama vibaya, anashika kwa vidole vitatu, anakuja kwa mguu usiotarajiwa. Kumtoa mtu huyo kwenye mizani bila kumwumiza wala kumtisha ni mtihani mgumu kuliko mwingi unaoupata kwa mwenye hakama mwenzako.

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya Kijapani haviligusi. Mkanda mweusi anaweza kuwa kijana wa miaka 23, na mgeni akawa mzee wa miaka 58 ambaye kijana huyo amempa shikamoo mlangoni. Kijana anaona ugumu kumsahihisha mzee. Mzee anaona ugumu kuelekezwa na mtoto. Nao wakianza kuheshimiana mno, hakuna anayejifunza. Dawa ninayoijua ni kwamba kijana asifundishe kwa maneno. Aifanye mbinu kwa usahihi ikiwa zamu yake, polepole, ili mzee aisikie mwilini, kisha kama kuna la kusahihishwa amwite mwalimu: "Sensei, tusaidie hapa." Wote wawili wanasikiliza, na heshima ya kila mmoja iko palepale. Mzee naye asione vibaya kusema, "Hebu nifanyie tena, kijana, sijaiona." Nimesikia sentensi hiyo ikifungua ukumbi mzima.

Kufuli za viungo na kugonga

Nikyo na sankyo, kufuli mbili za kifundo cha mkono, zinauma, na maumivu huja ghafla kwa asiyezijua. Kabla ya kuzifundisha, fundisha kugonga. Kugonga ni pigo mbili za kiganja, juu ya mwili wa mwenzako kama unaufikia, au mkekani kwa sauti. Mwilini ni bora: kunahisiwa hata ukumbi ukiwa na kelele, na kunamfaa mwenye usikivu hafifu. Ukigongwa, legeza papo hapo, usimalizie. Na kama mkono mmoja umefungwa na mwingine umelaliwa, sauti au mguu vinatosha.

Nikyo kwa mgeni: iweke mahali pake, simama, ongeza kidogo sana kama mtu anayefungua bomba la maji, mpaka agonge. Watoto wasifanyiwe kufuli za kubana viungo, kwa kuwa mifupa yao bado inakua. Wao waishie kwenye umbo la mbinu na kumpeleka mwenzao chini kwa ikkyo.

Miili isiyofanana

Mchanganyiko hauishii kwenye mikanda. Asiyeweza kupiga magoti afanye mbinu zote akiwa amesimama wakati wengine wanafanya suwariwaza, mbinu za kupiga magoti. Mwenzake akipiga magoti na yeye akisimama, mtakuwa mmeingia kwenye hanmi handachi, ambayo ni sehemu ya aikido tangu zamani. Kwa sababu hiyohiyo anayetumia kiti cha magurudumu ana mahali pake pa kuanzia: nage aliyekaa, mshambuliaji aliyesimama. Breki zifungwe kwa kokyunage na ikkyo, zifunguliwe kwa mbinu za kugeuka, na mshambuliaji aanguke mbali na magurudumu.

Asiyeona anafaa sana kwenye mashambulio ya kushika, maana mguso ndio unaoanzisha kila kitu. Anachohitaji ni kuambiwa upande gani uko wazi kabla hajaanguka, na ukumbi usipangwe upya kimyakimya.

Na kwa akina dada wasiopenda kushikana na wanaume wasiowafahamu, iwe kwa dini au kwa hiari yao tu, mwalimu awapange na dada wenzao bila kuwataka maelezo.

Zoezi la mstari

Wajapani huliita kakarigeiko. Nage mmoja anasimama katikati, wengine wanapanga mstari mbele yake na kumjia mmoja mmoja kwa katatedori. Anatupa, wa pili anakuja, mpaka mstari umalizike mara mbili, kisha nage anabadilishwa.

Panga mstari kwa makusudi: mkongwe, mgeni, wa kati, mgeni, mkongwe. Nage anatoka kumtupa mtu anayeruka mbali, na sekunde mbili baadaye ana mkononi mtu anayejua kukaa chini tu. Lazima abadilike kabla ya mguso. Atazame macho na hatua ya anayekuja, atamjua. Mgeni akiwa nage, mstari wote upunguze mwendo, na mbinu iwe moja ileile. Mkongwe akiwa nage, aruhusiwe kuchagua mbinu yoyote kwa wakongwe, ila kwa wageni abaki na kokyunage au shihonage ya kuishia bega.

Mkitaka randori (mazoezi huru) ya washambuliaji wawili au watatu, iwe ya wakongwe peke yao kwa dakika chache, wageni wakiwa wamekaa kando ya ukuta, miguu imekunjwa. Kutazama nako ni mazoezi, lakini waambie wakitazame kitu gani: miguu ya nage, si mikono.

Mtu akiumia

Mwalimu aseme *yame* na wote wasimame, wakae chini. Kiungo kilichoteguka kisivutwe wala kukandwa. Kitulizwe, kiwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, aende kuonwa na mtaalamu. Aliyegonga kichwa amemaliza mazoezi ya siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia isivyo kawaida, akaona maluweluwe, akazimia hata kwa sekunde chache, au kichwa kikazidi kumuuma, apelekwe hospitali wakati huohuo, asiachwe aende peke yake. Akilalamika shingo, asiinuliwe mpaka wahudumu wafike.

Kufunga

Malizeni na kokyuho ya kukaa. Wawili wanakaa magoti kwa magoti, mmoja anashika vifundo vyote viwili, mwingine anainua mikono kutoka tumboni na kumpindua pembeni. Hakuna wa kuanguka kutoka juu, kwa hiyo hapa mgeni anaweza kumpa mkongwe nguvu zake zote kwa mara ya kwanza usiku huo, na mkongwe amruhusu.

Inamieni kamiza, inamianeni. Kila mtu amwendee aliyefanya naye na kumshukuru, kisha wote, mwalimu akiwemo, wafagie mkeka.

Mwalimu akibaki peke yake aandike daftarini mistari michache: nani sasa anaweza kujiviringisha mbele, nani alilalamika bega, jozi gani ilikwenda vizuri na ipi ilikwama. Kipindi kijacho abaki na katatedori ileile, abadilishe mbinu ya pili tu, iriminage mahali pa kokyunage, akikumbuka kwamba nayo huangusha mtu kinyumenyume, hivyo kwa mgeni mkono unaoshika shingo umshushe mpaka chini. Shomenuchi, pigo la mkono kutoka juu kuelekea kichwani, isubiri mpaka wageni wote wameweza kuanguka nyuma kutoka kusimama bila kisogo kugusa mkeka.